Barua Yenye Muhuri wa Mtaa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ziko mbali. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimenuna, na wanaonijua hapa Ujiji watakwambia hakukosea. Ndiyo maana asubuhi ile, tangazo lilipojitokeza kwenye kompyuta ya steshenari yangu, kabla sijalisoma lote nilikuwa nimeshaanza kufoka. Mzee mmoja aliyekuja kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa akadhani nafoka kwa ajili yake, akaniomba radhi.

Lilitoka kwa ule mtandao wa kuandikiana ujumbe tuliokuwa tukiutumia pale dukani. Lilisema, kwa uchangamfu kama wa mtu anayekuletea mwaliko wa harusi, kwamba majina ya watu wote yanabadilishwa. Mpaka siku hiyo ulikuwa unajiita utakavyo, na mtandao wenyewe unakuongezea namba nne mwishoni. Hata mkiwa watu mia mmejiita jina moja, hakuna ugomvi, kila mmoja anajulikana kwa namba zake. Sasa namba zinaondolewa. Kila mtu achague jina moja ambalo hakuna mwingine analo duniani kote, na anayewahi ndiye anayelipata. Zamu ya kuchagua itatangazwa kwa kila mtu. Wanafanya hivyo ili kurahisisha mambo, walisema.

Kumrahisishia nani? Nililiuliza hilo kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa amekaa kwenye benchi langu akainua macho kutoka kwenye shuka alilokuwa analidarizi.

"Wanasemaje, dada?"

Nikamwambia hamna kitu, matangazo tu. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza katika jambo hili, na niliusema haraka kwa sababu mtu ambaye jambo hili lingemvunja alikuwa yeye.

Hapa kwetu wakimbizi si habari mpya. Nimezaliwa wapo, nimesoma nao, nimesutana nao kisimani, tumezikana. Lakini hawa wa safari ile walikuja wengi kwa mara moja. Walishuka milima ya Burundi mpaka ufukweni huku kaskazini, kule kupita Mwamgongo, wakalala juu ya kokoto wakisubiri meli iwalete Kigoma. Huyu mwanamke, ambaye nilizoea kumwita mdogo wangu, alikuja na kaka yake aliyemfuata kuzaliwa. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa. Walikuwa wamebaki wawili tu.

Na hao wawili wakatenganishwa na karatasi. Warundi, kama hujui, hawarithishani majina ya ukoo kama wafanyavyo wengine. Kila mtoto anapewa lake siku ya kupewa jina, kwa jinsi baba alivyoona mambo siku hiyo. Tumbo moja, baba mmoja, majina mbalimbali. Sasa karani aliyekuwa anaandikisha, kijana aliyeletwa kikazi kutoka mkoa wa mbali, alipoona jina la dada halifanani na la kaka, na yote mawili hayafanani na la baba, alicheka. Akasema kila siku anadanganywa na watu wanaotaka kupanda basi moja. Akawaandika karatasi mbili. Dada akapelekwa kambi hii na kaka kambi ile.

Baadaye dada alipata ruhusa ya kuja hospitali mjini kukatwa uvimbe wa shingoni. Alipopona hakurudi kambini. Alikaa Kasingirima kwa bibi mmoja mjane aliyehitaji mtu wa kumchotea maji na kumsikiliza, akawa anadarizi mashuka na vitambaa vya makochi. Kwangu alikuja kutafuta maua. Mimi nilikuwa namtolea michoro kwenye karatasi, yeye anaihamishia kwenye kitambaa kwa karatasi ya kaboni, na mkono kama wake, wallahi, sijauona tena. Kusoma hakujua. Alijua kuandika jina lake peke yake, na hata hilo alilichora kama anavyochora ua.

Kaka yake alimpata dukani kwangu. Alisikia kwa watu wa kambini, akaomba kibali cha siku mbili, akaja. Siku ile sikufanya kazi ya maana. Walikaa kwenye benchi wameshikana mikono kama watoto, wanazungumza Kirundi mbiombio, na mimi naambulia neno hili na lile kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu. Nikawaletea ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa mawese. Alipomaliza kula, kaka akasema hakuja kukaa. Anakwenda kusini. Kambini hakuna kazi, amechoka kuhesabiwa.

Dada hakulia. Alimuuliza tu atampataje. Laini yake ya simu ilikuwa imefungwa siku nyingi, tangu tulipoambiwa sote tusajili kwa vidole na kitambulisho, na yeye kitambulisho hana. Ya kaka itakufa akivuka mpaka wa kwanza.

Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Nikawaambia tatizo dogo hilo. Nitamfungulia dada jina kwenye mtandao, kwenye kompyuta ya duka. Kaka popote atakapokuwa aazime simu ya mtu yeyote mwenye mtandao huo, atafute jina la dada, aandike. Dada hana haja ya kuhama na wewe. Yeye ni kigingi, wewe ndiye kamba. Walipenda sana.

Tuweke jina gani? Wakatazamana, wakacheka pamoja, wakasema Bihogo. Alikuwa ng'ombe wa baba yao, mwekundu wa udongo, mkali, waliyemchunga wote wawili na kupigwa teke wote wawili. Karani angeweza kubishana na majina yao mpaka kesho, lakini Bihogo walikuwa wanamjua wao. Nikaandika, mtandao ukatoa namba zake: sifuri, nne, moja, saba. Kaka akazikariri huku anafunga viatu. Niliwafundisha na mengine, maana nilikuwa naogopa macho ya watu. Msitaje majina yenu, msitaje mahali, andikeni kwa kifupi, tena kwa Kiswahili, maana mwandishi wa dada nitakuwa mimi.

Akiwa mlangoni, kaka aliniomba namba yangu ya simu. Aliniomba kwa adabu, kofia mkononi.

Nilimnyima. Wiki ile mwenyekiti wa mtaa alikuwa amepita duka kwa duka kuonya kwamba atakayekutwa anahifadhi watu waliotoroka kambini atajibu mwenyewe. Mimi ni mjane, leseni ya duka ina jina langu, nina binti shuleni. Niliona simu inaita kituoni mbele ya askari, na namba ya nje ya nchi juu yake. Kwa hiyo nikamwambia kijana yule kwamba namba za simu hubadilika, lakini jina la mtandao halibadiliki. Nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe. Akaniamini, akanishukuru, akaenda.

Na mwanzoni nilionekana mkweli. Kila baada ya wiki mbili tatu, ujumbe unaingia kutoka kwa mtu tusiyemjua: dereva, muuza vocha, mpangaji. "Bihogo, nipo. Nimevuka salama." Mimi namsomea dada, dada anacheka, ananiambia la kuandika, naandika. Dakika kumi baadaye mwenye simu amechukua simu yake na kaka ametoweka tena. Kumwandikia sisi hatukuweza. Tulijaribu mara moja, mwenye simu akatujibu kwamba yule alikuwa abiria tu, ameshashuka.

Mwezi ule wa tangazo, ujumbe ulikuwa mrefu kuliko kawaida. Alikuwa Malawi, anafanya kibarua kwa fundi wa kuchomelea. Kuna lori linakwenda Afrika Kusini, linabeba watu chini ya mizigo. Amepewa nafasi. Dada akaniambia nimwambie asithubutu, mtoto wa jirani yake kambini alipanda lori la namna hiyo na mpaka leo hakuna aliyeonyeshwa kaburi. Kaka akajibu kwamba akirudi Tanzania huenda atafungwa kwa kutoroka. Basi wakakubaliana hivi: dada aulize vizuri kama kaka anaweza kupokewa tena kambini. Mwisho wa mwezi, kabla lori halijaondoka, kaka atatafuta simu na kumuuliza Bihogo aende au arudi. "Utakalosema ndilo nitakalofanya," aliandika. Dada alinifanya nimsomee sentensi hiyo mara tatu.

Akauliza. Aliuliza kwa wanawake wa kambini wanaoshuka na ruhusa, akauliza kwa mtu aliyewahi kwenda na kurudi, mpaka akapata uhakika kwamba waliorudi walikaripiwa, wakaandikwa upya, basi. Neno lake likawa tayari. Ni neno moja. Alikuwa anakuja dukani kila siku amelibeba, anakaa kwenye benchi, anadarizi, anangoja siku.

Ndipo tangazo likaja.

Niliishi na uongo wangu siku mbili tu, kisha nikamweleza. Akakata uzi kwa meno.

"Basi tulichukue hilo Bihogo sasa hivi, dada, kabla hawajalichukua wengine."

Lilikuwa shauri la mtu mwenye akili. Zamu yetu ya kuchagua iliingia keshokutwa yake, kidirisha kikajitokeza katikati ya kioo, kinaniuliza unataka jina gani. Kulikuwa na kubonyeza tu. Mimi nikakifunga kile kidirisha, maana tayari nilikuwa vitani.

Nitaeleza nilivyofikiri, si kwa kujitetea. Niliona kwamba tukichagua jina jipya tumekubali. Jina la zamani na namba zake litakufa kwa saini yetu wenyewe. Tusipochagua, tukagoma, watalazimika kutuacha na letu, na kaka akiandika sifuri nne moja saba atatukuta pale pale alipotuacha. Na nyuma ya fikra hiyo kulikuwa na nyingine ambayo sikuitazama usoni: mimi ndiye niliyemwambia yule kijana kwamba jina halibadiliki. Sikutaka niwe mwongo.

Nikaandika barua. Kwanza kwa Kiswahili, kurasa mbili, nikiwauliza kama wao wakibadilishiwa majina ya mama zao watafurahi. Nyuma ya duka langu alipanga mwalimu wa sekondari, mtu wa Njombe aliyeletwa huku kikazi, mpole, mwenye Kiingereza kilichonyooka. Nikampelekea aitafsiri. Aliitafsiri, lakini huku ananitazama kwa jicho la huruma.

"Mwenye nguvu mpishe, dada," akaniambia. "Hawa hawasomi barua. Chagua jina, mambo yaishe."

Nikamwambia kwao Njombe labda ndivyo walivyozoea, sisi Ujiji hatupishi. Akacheka. Barua ikaenda. Jibu likaja papo hapo, haraka hata mtu hawezi kuwa ameisoma, likitushukuru kwa maoni yetu na kututakia furaha na jina letu jipya. Mwalimu alinisomea akiwa ameziba mdomo kwa mkono.

Haya. Nikaona tatizo ni kwamba nimeandika peke yangu. Hapa kwetu barua ya mtu mmoja ni kilio, barua ya wananchi ndiyo barua. Nikaichapa upya kwenye karatasi nzuri: "Sisi wananchi wa mtaa huu tunapinga." Nikaacha mistari ya majina na saini, nikaanza kutembea. Nilifunga duka saa za kazi, jambo ambalo sikulifanya hata siku ya tatu ya msiba wa mume wangu. Nilikwenda kwa wauza dagaa, kwa mafundi cherehani, kwa mama wa mawese aliyeweka dole gumba lake na kuacha doa la mafuta, likawa saini mara mbili. Nilivuka mpaka Bangwe kwa binamu zangu. Wengi hawakujua mtandao wenyewe ni mnyama gani. Niliwaambia kuna watu wanataka kutunyang'anya majina, na hilo kila mtu alilielewa upesi. Mzee mmoja alisaini huku akisema walianza hivyo hivyo kwenye mashamba.

Mwisho nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yule yule aliyekuwa ameonya kuhusu wakimbizi. Nikamwamkia, nikampa karatasi. Aliisoma kwa makini na miwani, akaniuliza kampuni hii ofisi zake ziko kata gani. Nikamwambia ziko Marekani. Akatafakari. Akasema barua ikitoka nje ya mtaa lazima iwe na muhuri, akafungua droo, akaupulizia pumzi, akagonga. Muhuri wa rangi ya zambarau, tarehe na yote. Wallahi nilitoka pale najiona nimeshashinda. Niliipiga picha ile karatasi, nikaituma, kisha nikaituma tena, na mara ya tatu.

Siku hizo zote mdogo wangu alikuwa ananiuliza jambo lile lile kila asubuhi. "Tulichukue, dada?" Nami namjibu ngoja, barua ya muhuri imekwenda, ngoja. Siku moja alisema, taratibu, akichomeka sindano kwenye ua la njano, kwamba yeye hana ugomvi na hao watu wa majina, yeye anamtaka kaka yake. Nikamkaripia. Nikamwambia haki yake ninaipigania mimi na yeye anataka kuitupa. Alinyamaza, kwa sababu duka lilikuwa langu, kompyuta yangu, macho ya kusomea yangu, na kupokewa kwake katika mtaa ule kulikuwa mkononi mwa watu kama mimi. Sikuliona hilo siku ile. Nilimwona mwoga.

Mwisho wa mwezi ukafika. Sikukaa kwenye kiti. Nilikuwa nasimama mlangoni, narudi, nagusa kompyuta, nasimama tena, nawafokea wateja, kopi moja naitoa mara mbili. Yeye alikuwa ametulia kuliko mimi, amevaa kitenge chake kizuri, kana kwamba kaka ataingia kwa mlango. Umeme ulikatika saa nne asubuhi tukahamia kwenye simu yangu. Adhuhuri hakuna kitu. Alasiri hakuna kitu. Jioni nilifunga duka nikamsindikiza mpaka njia ya Kasingirima, nikimwambia kwamba labda lori limechelewa, madereva hawana tarehe. Aliitikia ego, ego, ndiyo ya kwao, bila kunitazama.

Kesho yake nilipofungua mtandao, jina la Bihogo halikuwepo. Kwa kuwa hatukuchagua, walikuwa wametuchagulia wenyewe. Walitubandika jina la herufi na tarakimu zisizo na maana, refu, ambalo hata mimi nililisoma kwa kuligusa kwa kidole. Nikafungua kile kidirisha nilichokifunga kwa kiburi wiki mbili nyuma, nikaandika bihogo. Kikaniambia jina hilo lina mwenyewe.

Alikuwa amesimama nyuma yangu. Kusoma hajui, lakini uso wangu aliusoma.

Nikachukua bihogo na zile namba zake nne zikiwa zimeunganishwa, nikijiambia akili ya kaka itamfikisha hapo. Zikapita siku tatu, tano, wiki. Kila gari lililopiga honi nje nilishtuka. Usingizi ulikuwa unanipa mgongo. Ni mwalimu aliyekuja na wazo la kumwandikia huyo anayelimiliki jina sasa. Nilimwandikia kwanza kwa namna yangu, nikamwita mwizi wa majina ya watu. Yeye akajibu kwa Kiswahili safi, tena akaniamkia. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, kwao upande wa Kagera. Bihogo ni ng'ombe wa babu yake, akasema, alilikuta jina liko wazi akalichukua, ananiomba radhi kama amenikwaza. Nikaona aibu. Nikamuuliza, kwa lugha nyingine sasa, kama kuna mtu yeyote amemwandikia akidhani ni mtu mwingine.

Jibu lilikawia mpaka baada ya chakula cha mchana. Alininakilia mazungumzo yenyewe, ya siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

"Bihogo, ni mimi. Lori limewahi. Niende au nirudi?"

"Nenda."

Hayo tu. Mwanafunzi akaeleza chini yake kwamba alidhani ni mwenzake wa bweni aliyekuwa amepanda lori kwenda mpirani na wenzake, wana mazoea ya kutaniana, na wengi wao walikuwa wamebadilisha majina wiki ile. Alimjibu huku akitembea. Aliniuliza kama kuna tatizo.

Kwa kijana wa watu sikuwa na hasira. Niligeuka kila upande nikamtafuta wa kumkasirikia. Kaka naye alifanya kila kitu sawa. Alitafuta jina, bila shaka akaambiwa na mwenye simu kwamba namba zimeondolewa, kama tangazo lilivyosema, akamwona Bihogo mmoja tu duniani. Aliandika kwa kifupi, bila jina na bila mahali, kama nilivyomfundisha. Alijibiwa kwa Kiswahili na kwa kifupi, kama ambavyo dada yake alikuwa akijibu siku zote kwa mkono wangu.

Nikamwandikia yule ambaye simu yake ilitumika. Mwanafunzi alinipa jina lake. Alikuwa fundi wa kuchomelea, Mkongo, ndiye aliyekuwa akimpa kaka kibarua. Jibu lake likaja kesho yake asubuhi, na mdogo wangu alikuwa ameshafika, amekaa kwenye benchi, shuka mapajani, hadarizi.

Hapo nilikuwa na nafasi. Macho ya kusomea yalikuwa yangu. Ningeweza kusema fundi hajui alikokwenda, na angenishukuru, na tungeendelea kungoja pamoja miaka mingi. Nilifungua mdomo nikiwa sijaamua. Kisha nikamsomea yote kama yalivyo: kwamba kijana ameondoka na lori siku ile ile. Kwamba hakuna aliyepata habari zao tangu wapite mpaka wa Msumbiji. Kwamba aliwaaga vizuri, amechangamka, kwa sababu alikuwa anaogopa kuondoka, lakini dada yake amempa ruhusa.

Nje mtu alikuwa anauliza bei ya kulaminisha cheti, sikumjibu.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Mimi sikumwambia aende."

"Najua."

"Nani kamwambia?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na kampuni nzima ya kumtajia, na mwanafunzi, na karani wa kwanza kabisa aliyewacheka. Nilikuwa na barua yenye muhuri. Kwa wiki tatu nilikuwa nimesema maneno mengi kuliko mtu yeyote Ujiji, na yote yalikuwa ya kweli. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

"Mimi," nikamwambia. "Wewe ulitaka tulichukue jina, nikakukataza. Na namba yangu ya simu aliniomba, nikamnyima."

Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana, hilo ningeweza kulijibu. Alilikunja shuka lake vizuri, kona kwa kona, akaliweka pembeni, akasogeza benchi mpaka karibu na meza ya kompyuta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Andika neno langu," akasema.

Nikamwambia yule ni fundi tu, kaka hayupo pale, fundi hana njia ya kumpata.

"Andika, dada. Mwezi mzima nimelibeba."

Nikaandika: Rudi. Akaniuliza kama hilo ndilo. Nikamwambia ndilo. Akalitazama pale kwenye kioo, herufi nne, akaweka kidole chake chini yake, kisha akaniambia nilitume, nikalituma.